Barua ya wazi kwa Mhifadhi Mkuu wa Makumbusho ya Lamu: na sisi wenyeji tutembezeni

Mheshimiwa Mhifadhi,

Assalaam aleikum.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ombi hili si langu peke yangu, na pengine wenzangu wa mitaa ya Mkomani na Langoni wakilisoma watakuongezea yao. Naomba Makumbusho yaandae mazungumzo na matembezi ya kila mwezi kwa ajili ya watu wa hapa, kwa Kiswahili, yakiongozwa na wenye kazi zao: mafundi wa chokaa, wachongaji, manahodha, na kina mama waliolelewa katika nyumba za mawe. Wageni wana njia zao. Wakishuka gatini tu, kuna wa kuwapokea na kuwatembeza. Mwenyeji huambiwa mji ni wake, atatembezwa kwenda wapi?

Hoja hiyo siikubali. Kijana wa Langoni anaweza kupita mbele ya Ngome kila siku akienda sokoni, asijue kwamba ilianza kujengwa mwaka 1813 baada ya vita vya Shela, kijiji cha kisiwa hiki hiki, ikakamilika 1821. Wazee wake wanaijua kwa gereza, maana ilikuwa gereza hadi 1984. Yeye anaijua kwa kivuli cha kusubiria mtu. Tena kuna majirani wapya. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, watu wa bara wamezidi kuja kutafuta riziki, na wengi huvuka kutoka Mokowe, upande wa bara, asubuhi, wakamaliza shughuli zao na kurudi jioni bila kuingia kichochoro hata kimoja. Watoto wa miji ya Hindi na Mpeketoni, kule bara, ni wa kaunti hii hii. Mji huu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa sababu watu bado wanaishi ndani yake, na hao ni pamoja na wanaohamia leo.

Kwa nini nasisitiza kuwa waongozaji wawe wenye kazi zao? Nilipata kuhudhuria mhadhara kuhusu milango ya kuchonga, katika mji mwingine wa pwani ambao sitautaja. Msomi alikuwa na picha nzuri ukutani na maneno mengi juu ya nakshi za Kihindi na Kiarabu. Fundi mwenyewe, mwenye vumbi la mbao kwenye nywele za mikono, alikaa safu ya nyuma. Mwishoni mtoto akauliza kwa nini ubawa mmoja wa mlango hufunguka kwanza. Msomi akasita. Fundi akainuka, akaenda mpaka kwenye mlango wa ukumbi, akamwonyesha kwa kidole: mfaa, huu mti wa katikati, umepigiliwa kwenye ubawa mmoja tu na unaufunika mwenzake, kwa hiyo mmoja lazima utangulie. Hata wale waliokuwa wakichezea simu waliinua vichwa. Msomi simlaumu, alijua alilolijua. Waliopanga viti ndio waliokosea.

Sasa chukua ile Nyumba ya Kiswahili mnayoitunza. Mtu akiingia peke yake atazunguka dakika kumi na kutoka. Akiingia na bibi aliyezaliwa katika nyumba kama ile, atakaa asubuhi nzima. Bibi ataanzia daka, baraza ya mlangoni, ambako mgeni hukaa akangoja. Atamwonyesha tekani, njia ya kuingilia iliyopindishwa makusudi ili apitaye njiani asione kiwandani, yaani uani. Kisha misana, yaani kumbi ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, na sakafu inapanda kidogo kila ukizidi kuingia, mpaka ufike chumba kiitwacho ndani, penye ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo. Nyuma yake nyumba kati, mahali pa kuzalishia na pa kuoshea maiti. Na birikani, hodhi la maji la nyumba, wakifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Habari ya samaki hao ndiyo watoto watakayoirudia nyumbani, niamini.

Hapo naongeza jambo ambalo wanaume tunaopanga mambo ya mji huu tunalisahau. Pangeni siku ya wanawake peke yao. Nyumba hizi zilijengwa kwa hesabu ya sitara yao, na wao ndio waliozipa maisha ndani; kuna ambayo mama hatayasema mbele ya kundi la wanaume na vijana wenye kamera. Tena katika matembezi yote ya vichochoroni iwe sharti: hodi kwanza, na picha kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Mji huu si uwanja wa maonyesho, kuna mtu analala mchana nyuma ya dirisha lile.

Kuhusu siwa, zile pembe kubwa za kupuliza. Mnazo mbili ambazo makumbusho yoyote duniani yangejivunia: ile ya pembe ya ndovu ya kisiwa cha Pate, na ile ya shaba ya Lamu. Tumeziona, lakini wangapi katika sisi wanajua kuwa siwa hupulizwa ubavuni wala si kwenye ncha, na kwamba haikulia kwa kila mtu, bali kwa harusi na sherehe za wakubwa wa mji? Sisemi itolewe ile ya Pate ipulizwe, Mungu apishe mbali. Tengenezeni ya mfano, atafutwe mwenye pumzi, usiku mmoja baada ya Isha tukae katika ua wa Ngome tuisikie. Mazungumzo yatafuata yenyewe. Hamtahitaji hata kipaza sauti.

Kisha matembezi ya Shela, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua hii. Vita vile havieleweki ukikaa kitini. Jeshi la Pate na washirika wao wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu, na lililowamaliza ni maji: walipokimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yametoka, vyombo vimekaa mchangani. Mtu akisimama pale ufukweni maji yakiwa yametoka, haambiwi zaidi, anaona mwenyewe umbali kati ya mchanga mkavu na kina. Akija maji yamejaa ataona bahari tu, na njia ya kando ya pwani itamlowesha suruali.

Kwa hiyo ratiba ya matembezi hayo haiwezi kuandikwa kwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kama mikutano ya ofisi. Ifuate bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hutoka mbali mnamo saa nne na saa tano za asubuhi. Na magofu ya Takwa kinyume chake: mkono wa bahari wenye mikoko kule kisiwa cha Manda unataka maji yajae, la sivyo mtakaa topeni pamoja na mashua yenu. Kule kuna lile kaburi la mnara la karne ya 17 ambalo watu wa Shela bado huliendea kuomba mvua. Wakiwa wanakwenda, waulizeni kwanza kama wanataka wenzao waandamane nao. Wakisema hapana, basi hapana.

Bado kuna pesa. Najua mtasema fungu ni dogo, na nakubali. Lakini mwenye kuzungumza alipwe. Nimemwona mzee amesimulia saa mbili, mahali pengine si hapo kwenu, akaagwa kwa soda na cheti. Cheti hakinunui unga. Mkishindwa kumlipa kila mwezi, fanyeni kila baada ya miezi miwili na mlipe vizuri. Wenyeji wasitozwe kiingilio siku hizo, na wanafunzi wa ng'ambo ya Mokowe wasaidiwe nauli ya boti, maana hiyo ndiyo inayowazuia, si uvivu.

Nyakati mnazijua kuliko mimi: baada ya Alasiri kwa matembezi ya mjini, baada ya Isha kwa mazungumzo. Msitupangie usiku wa Ramadhani. Na wiki ya Maulidi mji unajaa, kila mtu ana mgeni wake nyumbani, hakuna atakayekuja kuwasikiliza.

Nipo tayari kuwapitia wazee na mafundi ninaowajua kuwauliza nani yuko radhi kuzungumza na nani hataki. Ninachohitaji kutoka kwako ni barua ya kunitambulisha kwao, na neno lako kwamba watalipwa. Ya Shela tuanze nayo bamvua ijayo, ukiridhia. Saa ya maji kutoka waulizeni manahodha pale gatini.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Langoni, Lamu