Sifa za vibanda vya ughaibuni zina mapengo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala za safari zinazomtawaza muuza chakula wa mtaani wa Bangkok au Singapore kuwa bora kuliko wote, ilhali mwandishi amekula pale jioni moja tu. Mimi sifa hizo siziamini, na sababu ninazo.

Chakula cha mtaani hubadilika kwa saa. Mafuta yakiwa mapya, kitu hutoka kikaangoni kikavu na chepesi. Mafuta hayohayo yakishakaangiwa kutwa nzima huwa meusi, chakula kinayafyonza na kuacha uchungu kooni. Supu ya mifupa ni kinyume chake: kadiri inavyochemka ndivyo inavyokolea. Aliyefika mapema na aliyefika usiku wamekula vitu viwili tofauti, lakini msomaji hupewa nyota zilezile.

Halafu sifa zenyewe hugeuza kibanda. Mwaka 2016 mwongozo wa Michelin, unaotunuku nyota migahawa bora, ulimpa nyota Chan Hon Meng wa Singapore, aliyekuwa akiuza wali kwa kuku wa mchuzi wa soya kwa takriban dola 2 za huko. Foleni ikarefuka, akaingia ubia na kampuni, matawi yakafunguliwa hadi nchi nyingine. Mwaka 2021 nyota ikaondolewa. Anayesoma leo makala ya 2016 anasoma sifa za kibanda ambacho mambo yake yamekwishabadilika.

Simlaumu mpishi anayepandisha bei baada ya kusifiwa. Jay Fai wa Bangkok, aliyepata nyota mwishoni mwa 2017, alijulikana kwa kusimama mwenyewe mbele ya jiko la mkaa, miwani mikubwa ikimkinga macho na mafuta, akikunja kimanda cha kaa wa baharini. Kazi hiyo ina thamani yake. Ninaowalaumu ni waandishi wanaopanga foleni mlango huohuo mmoja, mwaka hadi mwaka, bila kuonja kwa jirani.

Kuna pia suala la fedha. Mamlaka ya utalii ya Thailand iliufadhili mwongozo huo uje nchini. Michelin husema fedha haziingilii uteuzi, na huenda ni kweli, lakini msomaji ana haki ya kujua. Nyota za wateja mtandaoni nazo si kinga: mwaka 2017 mwandishi wa Uingereza, Oobah Butler, alikipandisha kibanda cha bustanini kwake, alichokiita mgahawa, hadi nafasi ya kwanza London kwenye Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, kwa maoni ya kubuni, kabla hakijamhudumia mteja hata mmoja!

Kwa hiyo, Mhariri, wabaneni waandishi wenu. Watuambie walikula saa ngapi, walirudi au hawakurudi, walionja vibanda vingapi vya mtaa uleule, na wenyeji walikuwa wanakula wapi. Na kama safari ililipiwa na bodi ya utalii, hilo liandikwe juu kabisa, kabla ya picha.

Wasalaam,
Msomaji wenu