Nyumba ughaibuni: tuulize haki kabla ya bei

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalonitia wasiwasi kila ninaposoma matangazo na makala zinazowahimiza watu wanaoishi ughaibuni, au wanaojiandaa kwenda huko, wanunue nyumba upesi kabla bei hazijapanda. Makala hizo husema mengi kuhusu mandhari, kodi ya pango itakayoingia kila mwezi na urahisi wa kulipa kwa awamu, lakini ni nadra zieleze ni haki gani hasa ambayo mnunuzi atapewa na sheria za nchi husika. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, kwa kuwa nyumba mbili zinazofanana kwa sura na kwa gharama zinaweza kumpa mgeni haki zisizokaribiana hata kidogo.

Chukua Thailand. Kwa kawaida mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi huko kwa jina lake. Anachoweza kumiliki ni fleti, tena mradi sehemu inayomilikiwa na wageni katika jengo hilo haizidi asilimia 49 ya eneo la fleti zote. Anayetaka nyumba yenye kiwanja huishia kukodi kwa mkataba uliosajiliwa usiozidi miaka 30, au hushawishiwa kuandikisha ardhi kwa jina la mwenyeji anayemwamini. Njia hii ya pili ni ya hatari na haifai kupendekezwa na mtu yeyote mwenye nia njema, kwani sheria inaikataza, na siku uhusiano utakapovunjika mgeni hawezi kwenda kudai chake bila kukiri kwamba alikiuka sheria hiyo hiyo. Mexico nayo, kwa mujibu wa katiba yake, ina ukanda wa kilomita 100 kutoka mpakani na kilomita 50 kutoka baharini ambamo mgeni hapewi umiliki wa moja kwa moja. Benki ndiyo inayoshika hati kwa niaba yake chini ya mkataba wa udhamini wa miaka 50 unaoweza kuhuishwa. Utaratibu huo ni halali na hutumiwa na wengi, ila anayenunua anapaswa kujua mapema kwamba atailipa benki ada kila mwaka na kwamba jina lililo kwenye hati si lake.

Upotoshaji mkubwa zaidi, na ambao sijui kwa nini unavumiliwa, ni ule wa kuchanganya umiliki wa nyumba na haki ya kuishi nchini. Mtu anaweza kuwa na hati safi kabisa ya nyumba katika nchi ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, na bado, kama hana kibali cha ukaazi, asiruhusiwe kukaa humo zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Nchi zilizowahi kuunganisha mambo hayo mawili zimekuwa zikiyatenganisha. Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba katika njia za kupata kibali cha mwekezaji mwezi Oktoba 2023, na Hispania ikaufunga mpango wake Aprili 2025. Ugiriki imeendelea na wake, lakini mwaka 2024 ilipandisha kiwango cha chini hadi euro 800,000 katika Athens, Thessaloniki na visiwa vinavyopendwa zaidi. Kwingineko mlango wenyewe wa kununua umebanwa: mwaka 2018 New Zealand iliwazuia wageni wengi kununua nyumba zilizokwisha kujengwa, Canada ikaweka katazo la muda Januari 2023 kisha ikaliongeza hadi mwanzoni mwa 2027, na Singapore ikapandisha ushuru wa ziada kwa mnunuzi mgeni hadi asilimia 60 ya thamani ya nyumba mwezi Aprili 2023. Siwalaumu waliochukua hatua hizo, maana serikali ambayo raia wake wanashindwa kumudu nyumba ina wajibu wa kuwasikiliza wao kwanza. Ninachosema ni kwamba anayenunua nyumba kwa tamaa ya kibali ananunua ahadi inayoweza kubadilishwa na bunge ambalo yeye halipigii kura.

Ndiyo maana nawasihi wanaohamia nchi ngeni wapange kwanza, walau mwaka mzima, hata kama wana fedha mkononi. Upangaji unampa mtu muda wa kujifunza sheria, lugha ya mikataba na tabia ya mtaa kwa gharama anayoweza kuihimili. Nao una mambo yake ya kuangalia, hasa amana, yaani fedha ambazo mpangaji humwachia mwenye nyumba kama dhamana. Ujerumani amana haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, na mwenye nyumba anatakiwa kuitenga na mali yake. Uingereza, katika nyumba nyingi za England, amana haivuki kodi ya wiki tano na lazima iingizwe katika mpango wa kulinda amana ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30. Mwenye nyumba asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa na mahakama amlipe mpangaji fidia. Mgeni asiyezijua kanuni hizi hutoa anachoambiwa atoe. Na anayeombwa atume amana kwa nyumba ambayo hakuna aliyemfungulia mlango wake, eti kwa sababu mwenyewe amesafiri, asitume hata senti moja.

Kuhusu kununua, naomba nisisitize suala la wakili. Katika nchi kama Ufaransa, Hispania na Ujerumani mauziano hupitia kwa mthibitishaji wa hati anayetambuliwa na serikali, na wageni wengi hudhani kwamba ofisa huyo ndiye mtetezi wao. Sivyo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba muamala umefuata sheria, naye hasimami upande wa mnunuzi dhidi ya muuzaji. Wakili anayeletwa na dalali au na kampuni ya ujenzi naye ana mteja mwingine wa kumridhisha. Mnunuzi atafute wake, amlipe mwenyewe, na amtake achunguze mbali ya jina na rehani zilizo katika daftari la usajili, kwa sababu hati safi haithibitishi kwamba jengo lilijengwa kwa kibali halali. Huko Vera, mkoani Almería nchini Hispania, nyumba ya wastaafu wawili Waingereza ilibomolewa Januari 2008 ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imetoa kibali cha ujenzi, kwa kuwa mamlaka ya juu yake ilikipinga nacho kikafutwa.

Nyumba zinazouzwa kabla ya kujengwa zinahitaji tahadhari ya aina yake. Hispania ilikuwa na sheria tangu 1968 iliyomtaka mjenzi awape wanunuzi dhamana ya malipo ya awali, lakini baada ya soko kuanguka mwaka 2008 walibainika wengi ambao hawakuwahi kupewa karatasi hiyo, na ilichukua hadi Desemba 2015 ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba benki zilizopokea fedha zao bila kudai dhamana zinawajibika. Dhamana idaiwe kabla ya fungu la kwanza kulipwa.

Kwa wawekezaji nitasema machache. Mkopo uwe katika sarafu ambayo mkopaji analipwa mshahara. Maelfu ya familia nchini Poland waliokopa kwa faranga ya Uswisi kwa sababu ya riba ndogo waliamka Januari 2015 wakakuta thamani ya faranga imepanda ghafla na deni limevimba ilhali nyumba ni ile ile. Faida inayotangazwa nayo ni ile ya kabla ya kutozwa kodi na serikali. Marekani, mgeni anapouza nyumba, kwa kawaida asilimia 15 ya bei yote ya mauzo, wala si ya faida peke yake, huzuiwa kwanza kwa ajili ya mamlaka ya kodi. Hispania humtoza asiye mkaazi kodi ya mapato ya kukadiria hata kama nyumba yake imekaa tupu. Ufaransa ina fungu la mirathi ambalo mzazi hawezi kuwanyima watoto, na mwenye mtoto mmoja huachiwa uhuru wa kuusia nusu tu ya mali yake. Mambo haya yote yanapatikana katika tovuti za serikali husika bila malipo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili: kila makala ya gazeti lako inayosifia nyumba za ng'ambo itaje aina ya haki anayopata mgeni, iseme wazi kama haki hiyo inaambatana na kibali cha kuishi au la, na imjulishe msomaji iwapo mwandishi amelipwa na anayeuza.

Msomaji wako wa siku nyingi