Blanketi la vipande la mtoto: kwa nini mfuko wako wa vitambaa hatuuchukui wote

Swali tunaloulizwa sana na wateja wetu hapa Dodoma ni hili, nimeleta mfuko mzima wa vitambaa mbona mmenirudishia nusu? Na mtu ana haki ya kuuliza, maana katoka Nzuguni au Nkuhungu na boda, mfuko umejaa, mle ndani kuna kitenge cha sare ya sendofu, satini ya harusi, jinzi ya baba, tisheti aliyovaa mtoto akiwa mchanga, khanga ya bibi, na kichwani kashaliona blanketi lote na rangi zake. Sasa ngoja tueleze vizuri ili ukija tuelewane mapema.

Blanketi la mtoto sio la kuweka kabatini. Litaburuzwa sakafuni, litamwagiwa uji, litakojolewa, na vumbi la huku kwetu mnalijua, kwa hiyo litafuliwa mara nyingi sana. Na kwenye kufua ndiko vitambaa vinapoumbuana. Kitenge cha pamba kikilowa mara za kwanza kinapungua, polista haipungui, tisheti inavutika, jinzi ni nzito inawalemea wenzake. Ukivishona pamoja siku ya kwanza vinapendeza kabisa, ila ukishafua mara mbili tatu pale pamba ilipokutana na polista panafinyana, mshono unavuta, kona zinaanza kuachia. Satini na shifoni ndo kabisa, zinachanika nyuzi pembeni ya mshono. Hizo tunakurudishia, hata kama rangi yake ndo ulikuwa unaipenda kuliko zote.

Ukitaka kujua mwenyewe nyumbani kama kitenge chako ni pamba, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zishike na kibano juu ya sahani mbali na kitambaa chenyewe na mbali na watoto, kisha washa kiberiti. Pamba inaungua na harufu ya karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini ukiligusa linapukutika. Polista inajikunja, inayeyuka, halafu inabaki punje ngumu nyeusi, usiiguse ikiwa moto. Kuna vitenge vingi tu sokoni vinang'aa vizuri na bei nzuri ila ni polista, kwa gauni havina shida, kwa blanketi hili hapana.

Vilivyopita hapo tunavifua vyote kabla mkasi haujagusa kitu. Nyekundu, zambarau na bluu iliyoiva kila kimoja tunakiloweka kivyake kwenye beseni jeupe, maji yakibadilika tunamwaga tunarudia mpaka yabaki meupe, na kitambaa kinachogoma kabisa kinatoka, maana kikiingia kitakuja kuchafua vipande vyeupe vya jirani na hapo hakuna wa kukusaidia. Watu wengi wanaamini chumvi inashika rangi, ila kitambaa ambacho kimeshatoka kiwandani chumvi haikisaidii, dawa ni kufua tu.

Kukata tunakata mraba wa inchi 6, mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo kinachoonekana ni inchi 5 na nusu. Blanketi la kawaida la mtoto ni vipande 7 kwa 8, jumla 56, linatoka kama inchi 38 na nusu kwa 44. Hiyo robo inchi ndo roho ya kazi yenyewe. Mstari wa vipande 7 una mishono 6, sasa fundi akila nusu ya robo zaidi kila upande, mstari mzima unapungua inchi moja na nusu na hautakutana na mwenzake hata uuvute vipi. Halafu pasi, mstari wa kwanza mishono yote tunailaza kulia, wa pili kushoto, ili ikikutana ibanane na zile kona nne zikae sehemu moja. Ukiona blanketi lina vinundu pale kona zinapokutana ujue hapo pasi ilirukwa.

Kupanga rangi ndo sehemu tunayoipenda zaidi. Tunatandika vyote chini, tunapiga picha na simu kisha tunaitoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe, hapo unaona mara moja pale vilivyokolea vimejazana upande mmoja. Tukisharekebisha tunakutumia WhatsApp, na mtoto mwenyewe kama anaongea muulize, watoto wana maamuzi yao kwenye rangi na mara nyingi wanachagua vizuri. Kitenge chenye picha kubwa ya ndege au ua tunakata kwa kuizunguka picha isipotee. Khanga yenye jina hatulikati jina katikati, tunalitoa utepe mrefu tunaliweka chini ya blanketi lisomeke. Tisheti inawezekana, ila lazima tuibandike nyuma kile kitambaa cha gundi wanachotumia mafundi kwenye kola, kisha ndo inakatwa.

Katikati tunaweka pamba nyepesi ya kujazia na nyuma kitambaa laini cha manyoya mafupi, kinatosha kwa ule upepo wa usiku wa Juni na Julai. Tunapitisha mshono juu ya tabaka zote tatu ili pamba isikimbilie kona moja ikifuliwa. Vifungo na shanga hatuweki, hata ukiomba, mtoto anaweza kuving'oa akameza.

Na kwa mama mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, tunakushonea kwa furaha, ila kwa sasa litumie kumtandikia chini akicheza ukiwa unamuona. Usimfunike nalo akilala, wala usiliache kitandani kwake, blanketi lolote lililo huru linaweza kumziba pumzi.

Ukilichukua lifue kwa maji ya baridi, anika kivulini upande wa rangi ukiwa ndani maana jua la Dodoma linapausha haraka. Na kama unalitaka kabla ya baridi, leta mfuko wako mapema, mwezi wa nne hivi, kufua na kukausha peke yake kunakula siku. Bei tunakutajia tukishachambua vitambaa pamoja na wewe.