Tuambiwe kilichomo ndani ya runinga za QLED

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaoingiza runinga kupitia bandari ya Kilindini na wenye maduka wanaoziuza hapa Mombasa. Runinga za chembe za kwanta, zile zinazoandikwa QLED kwenye boksi, sasa zinatufikia mafundi kwa wingi, na zinakuja bila maelezo ya maana kuhusu kilichomo ndani. Wateja wanaumia mfukoni, nasi tunaozifungua hatujui tunashika nini.

Juzi mama mmoja wa Kisauni aliniletea runinga yake. Taa za nyuma ziliungua, akabadilishiwa kwingine, na tangu siku hiyo kanzu ya bwana harusi katika video ya mwanawe imekuwa rangi ya samli. Nilipofungua nikakuta fito mpya za taa nyeupe, zimefungwa kwa ustadi kabisa, ila si za runinga ile. Runinga ya kawaida ya LED ina taa nyeupe nyuma ya kioo. Hii yake hutaka taa za buluu tupu, na mbele ya taa hizo hukaa karatasi nyembamba ya plastiki yenye rangi ya manjano inayoelekea kijani. Niliwasha taa ya buluu, nikaiweka karatasi ile juu yake, na mwanga uliotokea upande wa pili ukawa mweupe. Nikaiondoa, buluu ikarudi. Mama alisimama pale pale akaona kwa macho yake kwa nini pesa za kwanza zilipotea.

Kazi hiyo inafanywa na chembe ndogo mno zilizotandazwa ndani ya karatasi. Hunywa sehemu ya mwanga wa buluu na kuutoa tena ukiwa kijani au mwekundu, na rangi hutegemea ukubwa wa chembe: ya kadimiamu selenidi yenye upana wa nanomita 3 hivi hung'aa kijani, ya nanomita 6 hivi hung'aa nyekundu. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa kuzigundua na kuzitengeneza, na kwa maoni yangu waliistahili. Rangi zake ni safi kuliko za taa nyeupe za kawaida, na anayezitazama kila siku haambiwi.

Lakini chembe hizi hazistahimili hewa wala unyevu, ndiyo maana karatasi yake hufungwa kati ya tabaka mbili za kuzikinga. Wapo wanaokata karatasi ya seti kubwa ili iingie kwenye seti ndogo. Ukikata, ukingo unabaki wazi, na kwa unyevu wetu huu wa pwani haichukui muda picha ikaanza kuingia buluu pembeni. Nawaomba mafundi wenzangu tuache.

Kubwa zaidi ni hilo la kadimiamu. Ni metali yenye sumu, huharibu figo na mifupa. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 0.01 katika vifaa vya umeme, ingawa runinga za aina hii zimewahi kupewa msamaha. Viwanda vingine hutumia indiamu fosfidi mahali pake. Samsung ilianza kuuza runinga zisizo na kadimiamu mwaka 2015. Sebuleni karatasi ikiwa nzima haina neno. Shida ni pale runinga inapokufa, kioo kikapasuliwa, na karatasi ikachomwa pamoja na nyaya zinazotafutwa shaba, au ikapelekwa jaa la taka la Mwakirunge na takataka za jikoni. Kwa macho fundi hawezi kujua ipi ina kadimiamu na ipi haina. Hata taa za buluu si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa seti nyingine hutumia karatasi ya fosfa, kemikali nyingine inayobadili rangi ya mwanga bila chembe za kwanta.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Boksi na kibandiko cha nyuma viseme waziwazi, kwa Kiswahili, kama chembe ni za kadimiamu au za indiamu, na taa za nyuma ni za rangi gani. KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilifanye hilo kuwa sharti. Na anayeingiza runinga alete pia fito za taa zinazozifaa, kisha azipokee runinga zilizokufa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeshampa mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Waseme tu wanazipokelea wapi hapa mjini. Mimi ninazo karatasi kadhaa nimezifunga ndani ya mifuko dukani, na nitazipeleka mwenyewe.

Fundi wa runinga,
Mwembe Tayari, Mombasa