Risala ya mahamali wa Mombasa kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi kutoka idara ya afya ya kaunti, wazee wetu, matajiri wenye magodauni, kina mama wa vibandani na wenzetu wote mlofika, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Sisi ni mahamali, wapakiaji na wasukuma mikokoteni wa Marikiti, Kongowea na Shimanzi. Risala nyingi huwa ni za kuomba pesa, yetu ya leo ni ya mgongo.

Mheshimiwa, gunia la mahindi ni kilo 90. Shirika la Kazi Duniani tangu 1967 lishapendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, lakini huku kwetu wawili walo juu ya lori wanalinyanyua wanalitua begani kwa mmoja alosimama chini, yeye apite nalo kwenye ubao mpaka ndani kisha arudi mbio, maana malipo ni kwa gunia. Mgongo ukimshika hapo hawezi kunyooka, wenzake wanamshika makwapani wanamuweka kivulini, na lori linaendelea kushushwa.

Kinachofuata sote twakijua, duka la dawa, vidonge vya maumivu, kisha kitandani, mkewe anamkanda na mafuta ya nazi na kila anayekuja kumuona anamwambia usiinuke pumzika. Sasa hapo ndo twapotea! Kulala siku nyingi kunalegeza misuli, na hofu inaingia, yaani hata maumivu yakipungua mtu anaogopa kuinama kuvaa viatu. Wataalamu wanasema kiuno kilichoshika ghafla mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache mtu akiendelea kujisogeza, na kadri anavyokaa mbali na kazi ndo kurudi kunazidi kuwa kugumu. Na si sisi peke yetu, Shirika la Afya Duniani lasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna ugonjwa unaolemaza watu wengi zaidi duniani.

Tuna mwenzetu alongoja nyumbani apone kabisa, nafasi yake ikachukuliwa na mpaka leo hajarudi. Mwengine alipelekwa kwa fizio, yaani mtaalamu wa kutibu kwa mazoezi ya viungo, mapema, maumivu bado mabichi. Akaanza kwa kutembea mpaka msikitini na kurudi, halafu akafunzwa kuinua kreti tupu kwa nguvu za magoti, kreti imeegemea kifua, baadaye kreti ile ile na nyanya nusu. Wakati huo tajiri wake, Mungu ambariki, akampa kalamu ahesabu magunia yanayoingia, akawa analipwa kidogo lakini yuko kazini na wenzake. Amerudi kubeba. Zipo siku kiuno bado chamuuma, hatutaficha, ila sasa anajua afanye nini na halali wiki nzima.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi alotimiza miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa, siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Vizuri, lakini kibarua wa kulipwa kwa gunia hiyo miezi miwili ataionyesha wapi? Kwake siku ya kulala ni siku ya watoto kukosa unga, ndo maana anameza vidonge na kubeba tena mpaka aanguke kabisa.

Kwa hivyo twaomba hivi. Kaunti ituletee fizio hapa hapa sokoni japo siku moja kwa wiki, asubuhi baada ya malori kushushwa, mtu aonwe siku za mwanzo mwanzo. Matajiri nao, mtu akishikwa mgongo msimfute, mpeni kazi nyepesi kwa muda, kuhesabu, kufagia, kushona magunia. Na mizigo ifungwe kwa kilo 50, hili twaliomba kwa nguvu sana.

Wenzangu nanyi, ukiona miguu inakufa ganzi, mkojo haushikiki ama hautoki, ama mgongo umeanza baada ya kuanguka, hapo usingoje fizio wala mkandaji, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa, tukimaliza hapa vijana watakuonyesha uwanjani gunia linavyobebwa, twakuomba usimame karibu uone.

Ni sisi mahamali wa Mombasa, imesomwa na katibu.