Pasta hafungi ndoa ya leta, yaani ya serikali

Ndugu Mhariri,

Kiangazi kikiingia hapa Lubumbashi, mialiko ya ndoa huanza kuzunguka. Ukumbi umeshalipiwa, kitambaa cha familia kimechaguliwa, jina la pasta limechapwa kwa rangi ya dhahabu. Ofisi ya komini, yaani manispaa, inakumbukwa wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Tunaomba nafasi katika gazeti lenu tuseme jambo ambalo familia nyingi hulijua wakati limeshawachoma: mtu wa kwanza wa kutafuta si pasta.

Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inajua njia mbili tu za kuoana. Ama mnafungishwa na ofisa wa eta sivile, anayeandikisha ndoa, vizazi na vifo, ambaye mjini ni burgomesta, mkuu wa komini, au aliyepewa kazi hiyo. Ama mnaoana katika familia kwa desturi, kisha ndani ya mwezi mmoja mnakwenda kwa ofisa huyo kuandikisha. Pasta, padri na imamu hawamo. Baraka yao ni ya imani, na ina uzito wake huko, lakini haizai akti, yaani cheti cha serikali. Mume akifa, mjane anapodai pensheni ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, huulizwa akti ya ndoa, si video ya harusi.

Hamchagui burgomesta kwa sura wala kwa urafiki. Mnakwenda komini anakokaa mmoja wenu, iwe Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba, na shefu wa kartie (mtaa) anatoa karatasi ya kuthibitisha makao. Mkipenda kufungishwa komini nyingine kwa sababu jengo lake linapendeza kwenye picha, mtarudishwa.

Ofisi huomba kitambulisho cha kila mmoja, akti ya kuzaliwa, picha, shahidi mtu mzima kwa kila upande, na uthibitisho kwamba mali, yaani mahari, imetolewa. Kuhusu mali, sheria haidai yote: inatosha iwe imetolewa walau sehemu, na inaweza kuwa kidogo, ya ishara tu. Mkwe anayezuia ndoa kwa sababu mbuzi wa mwisho hajafika anaongea desturi ya ukoo wake. Ila mwambieni aje komini mwenyewe, au atume mtu wa familia, kwa sababu ofisa atauliza kama amepokea.

Akti ya kuzaliwa ndiyo jiwe la msingi. Watu wengi wa mji huu hawakuandikishwa walipozaliwa, na karatasi ya maternite (hospitali ya uzazi) si akti. Anayekosa akti huomba akti ya notoriete, karatasi ya ushuhuda inayoshika nafasi yake, ambayo lazima ithibitishwe na mahakama ya amani. Hilo linataka mashahidi, malipo na siku kadhaa za kwenda na kurudi, kwa hiyo anzeni hapo, miezi mitatu kabla, hata kabla ya kuzungumza na mpiga muziki.

Sasa majina, maana huko ndiko tunakoona machozi. Mkongomani ana jina, postinomu (jina linalofuata) na prenomu (jina kama la ubatizo), na kila ofisi imeyapanga ilivyotaka. Kadi ya uchaguzi inasema Ilunga Kabwe, diploma inasema Kabwe Ilunga, akti ya kuzaliwa ina Ilounga. Mwenye majina anajua ni yeye yuleyule, karani hajui. Wekeni karatasi zote mezani, someni herufi kwa herufi, na mrekebishe tofauti kabla ya kupeleka faili. Siku ya ndoa, kabla ya kusaini rejista, mwombeni karani awasomee majina na tarehe za kuzaliwa polepole. Wageni wakipiga makofi nje, wangoje. Kosa likishasainiwa, dawa yake ni kurudi mahakamani.

Jambo jingine hupita kwa sekunde kumi. Ofisa anauliza mnachagua mpango gani wa vitu: kila mtu na vyake, au vyote vya pamoja, au vya pamoja vile tu mlivyopata ndani ya ndoa. Bwana na bibi wanatazamana, shangazi wa nyuma anapaza sauti "pamoja!", na karani anaandika. Kama hamkuchagua, sheria inahesabu kwamba mmechukua ule wa vitu vilivyopatikana ndani ya ndoa. Ule wa vyote vya pamoja unaingiza hata kiwanja ulichonunua ukiwa peke yako. Zungumzeni nyumbani, wawili tu, bila shangazi.

Aliyewahi kuoa komini na kuachana kwa kurudishiana mali bado ana ndoa. Ndoa iliyoandikishwa huvunjwa na hakimu, na ofisi itataka hukumu ambayo haiwezi tena kukatiwa rufaa. Mjane alete akti ya kifo. Mchumba aliye mbali hawezi kuwakilishwa hivihivi na kaka yake: lazima hakimu wa amani aruhusu kwa sababu nzito. Na kwa wale wanaooana na watu wa ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, karatasi za Kiingereza zitafsiriwe kwa Kifaransa na mtafsiri aliyeapishwa.

Baada ya hayo, chagueni kiongozi wa dini. Kwa Wakatoliki kuna mtego mmoja: padri mjomba anayetoka parokia nyingine hawezi kufungisha bila ruhusa ya paroko wa mahali pale au ya askofu. Akifungisha bila ruhusa hiyo, ndoa ni batili hata kama kwaya iliimba vizuri. Paroko atataka pia cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kwa sababu ndoa huandikwa pembeni ya jina katika kitabu cha ubatizo; cheti cha zamani hakiwezi kuonyesha kama mtu alishaoa Likasi. Kwa Waislamu, walii na mashahidi wawili wajulikane mapema, maana bila walii sherehe husimama.

Kwa pasta wa kanisa lolote, muulizeni swali moja: je, atabariki kabla ya komini au baada? Anayejibu "komini si lazima" atawaachia mzigo. Muulizeni pia mahubiri yatachukua muda gani; mahubiri ya muda wa saa tatu yamewafanya wengi wakose ukumbi waliolipia hadi saa kumi na mbili.

Kuhusu malipo ya komini, tunawaomba ninyi mliomo gazetini mchape orodha ya kila komini, kila mwaka, kwa franka. Na msomaji anayelipa adai kwitansi yenye muhuri papo hapo dirishani. Malipo yasiyo na kwitansi hayapo kwenye faili, na mara nyingi huombwa tena asubuhi ya ndoa, bibi akiwa tayari amevaa.

Wasomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi