Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sketi ya Stora Tuna na Kifumbu Chetu

Ndugu wanachama,

Mweka hazina ameshawasomea mahesabu, sitayarudia. Ada bado zinachelewa, na wanaochelewesha wanajijua. Mimi nitasema zaidi habari za mtu aliyetushughulisha mwaka mzima, maana baadhi yenu mmeniuliza chama cha Waswahili hapa Stockholm kinamfuatia nini Artur Hazelius, mzee wa Kiswidi aliyefariki mwaka 1901.

Ilianza siku tulipowapeleka watoto Skansen, makumbusho ya wazi ya hapa Stockholm. Wengi wetu tulipajua kwa dubu na soko la Krismasi tu. Mtoto mmoja akauliza nyumba zile kuukuu zilijengwa lini, akaambiwa hazikujengwa pale: zilivunjwa kwao gogo baada ya gogo, zikaletwa, zikaunganishwa upya. Aliyeianzisha kazi hiyo ni huyo Hazelius.

Alizaliwa hapahapa Stockholm mwaka 1833, baba yake afisa wa jeshi. Akasoma Chuo Kikuu cha Uppsala hadi shahada ya uzamivu mwaka 1860, akawa mwalimu, na moyo wake ulikuwa kwenye lugha. Mwaka 1869 alishiriki mkutano wa kusogeza karibu tahajia za lugha za Skandinavia. Sisi tuliobishana nusu saa kama mwaliko uandikwe "futari" au "iftari" tunamwelewa.

Majira ya joto ya 1872 alikwenda mkoa wa Dalarna na mkewe, akaona mavazi ya wenyeji yanaachwa na bidhaa za viwandani zinaingia kila nyumba. Akanunua sketi ya mwanamke wa Stora Tuna, hukohuko Dalarna. Ndicho kitu cha kwanza cha mkusanyiko wake. Oktoba 1873 akafungua maonyesho mtaa wa Drottninggatan. Mwaka uliofuata mkewe akafariki kwa uzazi, akamwachia mtoto mchanga, Gunnar. Hazelius hakuacha kukusanya. Fedha hakuwa nazo, akawa mwombaji kweli kweli, kila mwenye mali anamwona anakuja. Mwaka 1880 mkusanyiko ukapewa jina la Nordiska museet, yaani Makumbusho ya Nordiki, ukawa wakfu, si mali yake tena. Jumba lake kubwa kwenye kisiwa cha Djurgården, hapa Stockholm, lilifunguliwa mwaka 1907, mwenyewe keshazikwa.

Kinachonivutia ni jinsi alivyopanga vitu. Hakutosheka kuvipanga rafuni. Alitengeneza vyumba, akaweka sanamu zilizovishwa nguo, kila moja na shughuli yake. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1878 watu walitazama familia imekizunguka kitanda cha mtoto aliyefariki, igizo la mchoro wa Amalia Lindegren. Hata vyumba havikumtosha. Mwaka 1885 alinunua nyumba nzima huko Mora, na tarehe 11 Oktoba 1891 akafungua Skansen. Tangu hapo makumbusho ya wazi yenye nyumba za asili yameenea duniani. Waliofika Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam wanaujua mtindo huo.

Lililonikera sitalificha. Aliwaleta pia Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Skandinavia, waishi pale Skansen huku wageni wakiwatazama. Enzi hizohizo Waafrika nao waliwekwa kwenye maonyesho ya Ulaya, kwa hiyo kwangu hilo halimezeki. Tulibishana kwenye kikao mpaka mwenye ukumbi akazima taa, na kila mtu akaondoka na msimamo wake.

Sasa sanduku letu la kukusanyia vitu vya kwetu. Mmeleta mbuzi ya kukunia nazi, ungo, pawa, kanga za wazee wetu, na kifumbu kilichosukwa vizuri ajabu. Ahsanteni. Lakini kosa tulilofanya ni la kamati, na mimi ndiye mkuu wake: tulipokea bila kuandika. Mama aliyeleta kifumbu amekwisha kurudi nyumbani, na hakuna anayejua kilisukwa wapi wala na nani. Ile sketi, zaidi ya miaka 150 baadaye, bado twajua imetoka Stora Tuna. Kifumbu chetu hakijatimiza hata mwaka, na tayari hakina kwao.

Kuanzia leo hakipokelewi kitu bila maelezo: cha nani, kimetoka wapi, kilitumikaje, na kikiwa kanga, alipewa nani na kwa sababu gani. Hata majungu yaliyomo kwenye sababu hiyo yaandikwe. Daftari liko kwa katibu, pembeni ya birika la chai. Na mwenye namba ya yule mama wa kifumbu anione kabla hatujafunga kikao.